Maswali ya Wasomaji: Adui wa Nne Anapotoweka

Swali: Ninatengeneza mchezo wa NES, mashine ya michezo ya Nintendo. Maadui wakiwa watatu hakuna shida, ila wa nne akisimama kwenye jukwaa hilohilo haonekani. Kwenye emuleta (programu inayoiga mashine hiyo) wote wanaonekana. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda hujakosea popote kwenye programu. NES ina nafasi ya spraiti 64 (vipande vidogo vya picha vinavyounda wahusika), lakini katika mstari mmoja wa skrini huchora 8 tu. Spraiti ina upana wa pikseli 8, hivyo mhusika wa pikseli 16 hula mbili. Mchezaji na maadui watatu wameshamaliza zote nane. Anayekatwa ni yule aliyeandikwa nyuma zaidi kwenye orodha ya spraiti. Emuleta nyingi zina chaguo la kuondoa kikomo hiki. Lizime leo, maana linakuficha kasoro.

Zungusha orodha. Kila spraiti huchukua baiti 4, na orodha nzima baiti 256. Katika kila fremu (picha moja kamili ya skrini) ongeza 68 kwenye kielekezi cha baiti moja, yaani namba inayoonyesha nafasi kwenye orodha, kisha anza kuandika kutoka hapo. Kikipita 255 kitarudi mwanzo chenyewe. 68 ni sawa na spraiti 17, na kwa kuwa 17 ni witiri, nafasi zote 64 zitapata zamu ndani ya fremu 64. Adui sasa atawaka na kuzimika badala ya kupotea kabisa. Nafasi zisizotumika zipe Y (mahali pa wima) ya 255, nje ya skrini, la sivyo mabaki ya fremu iliyopita yatabaki skrini. Spraiti yenye kigae (kipande cha picha) kitupu nayo huhesabiwa katika zile 8, kwa hiyo kona ya adui isiyo na rangi usiiwekee spraiti.

Hata hivyo, mzunguko ni kinga ya dharura. Tatizo hili humalizwa vizuri zaidi wakati wa kuchora ngazi: majukwaa yakipishana kwa kimo kisichopungua pikseli 16, wahusika wa kimo hicho waliosimama juu yake hawatagombea mstari mmoja. Jitu kubwa lichore kama mandhari, si kwa spraiti.

Swali: Nyasi zangu za kijani zinapokutana na udongo, rangi inamwagika kwa umbo la mraba.

Jibu: Vigae ni vya pikseli 8 kwa 8, lakini paleti (seti ya rangi) ya mandhari huchaguliwa kwa eneo la 16 kwa 16. Paleti zenyewe ni 4, kila moja ina rangi 3, pamoja na rangi moja ya chini wanayoshiriki zote. Ama mpaka uangukie kwenye pikseli inayogawanyika kwa 16, ama kahawia iwemo pia katika paleti ya nyasi. Chora kwenye gridi ya 16 tangu mwanzo. Kurekebisha ngazi iliyokamilika kunachosha sana.

Swali: Nikibadilisha mandhari mchezo ukiendelea, picha inaruka.

Jibu: Unaandika hadi skrini imeshaanza kuchorwa. Kwenye mashine za NTSC (mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani), pumziko kati ya fremu ni takriban mizunguko 2,270 ya prosesa, na kunakili orodha ya spraiti hula kama 513. Kitanzi cha kawaida cha kunakili (amri zinazojirudia) hutumia mizunguko 15 hivi kwa baiti, kwa hiyo baiti 100 ndizo kikomo salama. Safu wima moja ya vigae 30 inatosha bila wasiwasi. Iandae mapema kwenye RAM (kumbukumbu ya mashine), pumziko liwe la kunakili tu. Skrini nzima ina vigae 960: hapo zima uchoraji kwanza.