Mauntingi imekatika mara mbili, fundi anataka kutoa raba

SWALI: Fundi za kazi. Nina Land Rover 110, nimetoa injini yake ya 300Tdi nikaweka injini ya 1HZ ya Land Cruiser kwa adapta, giaboksi na transfa (boksi la gia za 4x4) nimeacha zilezile. Bamba la mauntingi (kishikio cha injini chenye raba) ya kushoto limekatika kwenye chesisi mara mbili, zote nikiwa napanda mlima kwenye tope. Fundi wangu anasema raba ndo tatizo, tuitoe tuchomelee chuma kwa chuma kwa bamba la milimita 16. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu. Na hii "toa raba" nimeichoka, kila mwezi naletewa gari la namna hii.

Watu wanadhani mauntingi kazi yake ni kubeba uzito wa injini tu, kwa hiyo ikikatika wanaongeza chuma. Uzito ni sehemu ndogo. 1HZ inatoa kama Nm 285 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), ukitia gia ya kwanza na 4L, yaani gia nzito ya 4x4, hiyo giaboksi na transfa yako zinazidisha nguvu karibu mara 12, unapata zaidi ya Nm 3,400 kwenye propela shafti, na injini nayo inasukumwa kujipindua upande wa pili kwa nguvu ileile. Mauntingi zako zikiwa zimeachana sentimita 60 basi ni zaidi ya nusu tani inanyanyua kushoto na kukandamiza kulia. Ndo maana inakatika ya kushoto, ndo maana inakatika mlimani na sio lami.

Sasa ukichomelea chuma kwa chuma, chesisi ikijipinda porini (na lazima ijipinde, imeundwa hivyo) injini inageuka kuwa kikazio cha chesisi. Bamba la milimita 16 halitapasuka, kweli, ila kitapasuka kile kilicho laini kuliko yote, yaani masikio ya bloku au nyumba ya klachi ambayo ni aluminiamu. Hapo utatafuta bloku nyingine na fundi atakwambia bahati mbaya.

Tatizo lako nina uhakika liko kwenye chesisi. Chuma cha chesisi ya Land Rover ni kama milimita 2 tu, ni boksi tupu ndani, sasa mtu anakuchomelea bamba nene moja kwa moja na mstari wa wima juu mpaka chini, ufa unaanzia palepale pembeni ya mchomeleo. Angalia gari lako, nakuhakikishia chuma kilichochanika ni cha chesisi na mchomeleo wenyewe mzima kabisa. Weka kwanza bamba la milimita 4 au 5 ubavuni mwa chesisi, refu, ncha zimekatwa kama almasi ili mchomeleo uende kwa mshazari, halafu mauntingi ishike hapo. Bolti ikipita kwenye boksi, chomekea bomba ndani, la sivyo ukikaza unaiponda. Na usichomelee raba ikiwa imefungwa! shikiza vidoto vichache, toa kila kitu, ndo umalizie.

Raba tumia ya injini yenyewe. Kuna hawa wanaokata tairi la lori vipande wanaweka nati juu wanakwambia ndo imara, hiyo haijashikana na chuma popote, siku ikichomoka injini inaruka. Wala sio hadithi za gereji za uchochoroni, mwaka 1971 General Motors waliita yarudishwe kutengenezwa magari milioni 6.7 ya Chevrolet kwa sababu mauntingi ilikuwa ikichanika injini inanyanyuka inavuta mafuta yenyewe, dawa yao ikawa kuifunga kwa waya wa chuma isipande. Kwa hiyo mauntingi yoyote unayotengeneza jiulize, raba ikikatika kabisa leo, kuna chuma kinachoizuia injini isinyanyuke? Kama hakuna rudi kwenye grenda.

Kabla hujamaliza mchomeleo toa springi za mbele, panda na ekseli kwa jeki mpaka igonge bampa zake (raba za kuizuia chini ya chesisi), pande zote mbili halafu upande mmoja mmoja, uone difu inaachana vipi na sampu (karai la oili chini ya injini), maana 1HZ ni ndefu kuliko 300Tdi. Na funga waya wa ethi mnene kutoka injini mpaka chesisi. Raba haipitishi umeme, gari moja lililetwa kwangu kebo ya pedeli ya mafuta imeungua plastiki yote, stata ilikuwa inapitisha ethi humo.