Muulize Mwalimu: Vumbi linalokimbia kwenye chupa ya ndege

SWALI: Jambo Mwalimu. Mdogo wangu anaishi Tucson, kule Marekani. Mwaka huu alinitumia video ya chupa ya maji ya sukari aliyoitundika barazani, makolibri, wale ndege wadogo wanaonyonya maua, wanakuja kunywa. Nikaona wivu, nikatengeneza yangu na kuitundika kwenye mpera hapa Nguba. Siku ya tisa ndege wa huku, chozi, wakaanza kuja. Sasa juzi mdogo wangu kapiga simu: pembeni ya tundu ambamo ndege huingiza mdomo ameona vidudu kama unga wa pilipili, na unga wenyewe unakimbia! Ameambiwa ni utitiri unaotoka puani mwa ndege. Nikaenda kuangalia chupa yangu, na mimi nikakuta vidudu. Mwalimu, nina kuku kumi na wawili nyuma ya nyumba, na mwaka jana utitiri ulinimalizia vifaranga. Je, nimejiletea balaa kwa mkono wangu? Niitoe hii chupa?
*Mama wa Nguba, Bukavu*

JIBU: Usiitoe. Wewe unajua nilivyopita kwako Jumamosi ukanipa chai ya mchaichai, lakini wasomaji hawakuwepo, basi niwasimulie.

Tulipangusa mdomo wa chupa kwa karatasi nyeupe, tukapata vidudu kumi na vitatu. Nikatoa lensi yangu ya tangu enzi za darasani, ile yenye ufa. Kidudu cha kwanza kilikuwa na kiuno chembamba, vipapasio viwili vilivyopinda kama kiwiko, na miguu sita. Cha pili hivyo hivyo. Wote kumi na watatu walikuwa sisimizi, wale wadogo wa rangi ya chai wanaoingia hata kwenye kopo la sukari lililofungwa. Utitiri hauna kiuno wala vipapasio. Mwili wake ni kipande kimoja, kama punje ya ulezi, na ukishakomaa una miguu minane, maana ni wa ukoo wa buibui na kupe. Kwa hiyo Mama, kabla ya kuogopa, hesabu miguu.

Wa mdogo wako ni habari nyingine, na ni habari tamu. Lakini kwanza nitubu. Miaka mingi niliwaambia wanafunzi kwamba chozi ni “kolibri wa Kivu”. Ndivyo tulivyozoea kusema, kwa sababu kitabu cha Kifaransa kilikuwa na picha ya kolibri na nje ya dirisha kulikuwa na chozi. Si kweli. Kolibri wanaishi Amerika peke yake, kuanzia Alaska hadi kusini kabisa Tierra del Fuego. Chozi ni ukoo mwingine kabisa. Wamefanana kwa kazi, kwa kuwa wote wawili huishi kwa kunyonya maua. Mtazame chozi wako: hutua kwanza kwenye kijiti, akajiweka sawa, ndipo anywe. Kolibri huelea hewani mbele ya ua, mabawa yakivuma.

Sasa huko Amerika kuna utitiri unaoishi ndani ya maua yanayotembelewa na kolibri. Humo hunywa nekta, yaani maji matamu ya ua, hula chavua, hupandana na kutaga mayai. Shida ni kwamba ua halidumu. Likinyauka, kidudu cha nusu milimita kisicho na mabawa kitafikaje ua lingine? Kinapanda kolibri. Ndege akiingiza mdomo, utitiri unakimbia juu ya mdomo huo na kujificha ndani ya tundu la pua, kama abiria wa Kadutu anayejibana kwenye taksi-basi iliyokwisha kujaa. Na pale puani ndipo mahali pazuri pa kukaa, kwa sababu kila ndege anapovuta pumzi, harufu ya ua lililo mbele yake inapita hapo. Utitiri wa aina fulani hungoja harufu ya ua lake. Ikija, unashuka mbio. Ndege hakai kwenye ua moja ila sekunde chache, hivyo hakuna kusitasita. Robert Colwell, Mmarekani aliyewachunguza wadudu hawa kwa miaka mingi, alikuta wanakimbia hata mara kumi na mbili ya urefu wa mwili wao kwa sekunde moja. Na mwaka 2025 ulitoka utafiti wa Costa Rica ulioonyesha kwamba wanahisi umeme mdogo unaotoka kwa ndege, wanauhisi kwa miguu ya mbele, na umeme huo huo unaweza kuwavuta waruke pengo lililopo kati ya ua na mdomo. Mimi nilisoma mara mbili ndipo nikaamini.

Je, wananyonya damu? Hapana. Ndege kwao ni gari tu. Anayepata hasara ni ndege kwa upande wa chakula: kwenye ua moja la huko, Hamelia patens, Colwell alipima akakuta utitiri unaweza kumaliza hadi asilimia 40 ya nekta. Ule wa kuku zako ni mdudu mwingine. Huo mchana hulala kwenye nyufa za banda, usiku hutoka kunywa damu. Huo utaumaliza kwa kupiga nyufa chokaa na kuchoma matandiko ya zamani. Kuitoa chupa mperani hakutakusaidia chochote.

Mwambie mdogo wako kwamba waliofika chupani kwake wamepotea njia. Maji ya sukari hayana chavua, hawawezi kulea watoto hapo. Aoshe chupa kwa maji ya moto na kibrashi chembamba, hasa kwenye vitundu, na ajaze upya. Dawa ya wadudu asiguse, maana ndege ataimeza yeye.

Kwa sisimizi wako: kopo dogo la maji, upitishe kamba katikati yake, juu ya chupa. Sisimizi haogelei. Usipake mafuta kwenye kamba. Nilifanya hivyo mimi, mafuta ya gari, nikajiona mjanja. Kesho yake chozi mmoja alikaa kwenye uzio wa parsele yangu hadi jioni akijaribu kunyoosha bawa lililogandamana. Mke wangu hakusema neno, alinitazama tu.

Sukari kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne, sukari nyeupe, bila rangi. Asali hapana, inaharakisha ukungu. Badilisha kila baada ya siku mbili. Maji yakiwa na ukungu ndani, umeshachelewa. Na ile migomba yako iache itoe maua. Chozi anaipenda kuliko chupa yako, samahani.

SWALI: Mwalimu, nafuga nyuki Kabare. Juu ya migongo ya baadhi ya nyuki naona vidudu vya rangi ya kahawia. Ni varoa, ule utitiri hatari kwa nyuki?
*Mfuga nyuki*

JIBU: Huenda, na huenda si yeye. Hata kwetu Afrika kuna utitiri wa maua, na wenyewe hupanda nyuki badala ya ndege. Hukaa wengi pamoja mgongoni mwa nyuki mmoja, wadogo kabisa, hula nekta na chavua na kumwacha nyuki mzima. Varoa ni mkubwa zaidi, mwekundu-kahawia, na amepanuka ubavuni kama kaa: upana wake unazidi urefu. Mara nyingi utamkuta mmojammoja, amejibana chini ya tumbo. Huyo ndiye wa kuogopa, kwa kuwa anamla nyuki mwenyewe na kuzaa ndani ya vyumba vya watoto. Weka wachache kwenye kichupa cha kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, uniletee Bukavu niwatazame. Kanyanga iwe nyingi kuliko wadudu.