Jibu: Noah ina madeni manne ya trafiki, muuzaji anaapa halijawahi kutoka Dar

Mkuu, umesema umeingiza namba ya Noah unayotaka kununua kwenye mfumo wa trafiki ukakuta madeni manne ya faini, mawili ya Dodoma na mawili ya Mbeya, na muuzaji anaapa gari lake halijawahi kuvuka Kibaha. Unauliza kama mfumo unaweza kukosea. Mimi naendesha Fuso ya mizigo Dar–Mbeya, huu mwaka wa 12, na jambo kama hilo limenikuta, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza elewa mashine inajua nini. Trafiki akikusimamisha anaingiza namba ya gari na ya leseni kwenye kile kimashine cha mkononi, anachagua kosa, kinatoa karatasi yenye kontrol namba. Huandikiwi kwenye kitabu wala humpi mtu pesa mkononi, unalipa kwa simu au benki. Kosa moja ni 30,000, ukichelewa inaongezeka 7,500. Deni linakaa kwenye namba ya gari. Halijui kama gari limeuzwa, wala kama siku ile aliyeshika usukani ni wewe au deiwaka, dereva wa kibarua wa siku. Askari yeyote wa mbele akiingiza namba hiyo, Chalinze au Tunduma, analiona lile lile.

Mimi nilinunua Fuso yangu kwa mtu bila kuangalia. Wiki ya pili nasimamishwa, askari anasoma kwenye kioo: madeni matano, Mafinga mawili, Igawa, Ruaha Mbuyuni, Mikumi. Yote ya kabla sijalijua hilo gari. Kumpigia aliyeniuzia, simu ikaita mpaka ikakata. Nikalipa 187,500 pesa ya mafuta.

Sasa kuhusu kukosea. Mfumo unahifadhi kilichoandikwa, na anayeandika ni binadamu, juani, magari yamepanga foleni. D na B zinafanana kwenye pleti yenye vumbi, 3 na 8 pia. Hilo linawezekana. Lakini herufi kukosewa mara nne, mikoa miwili tofauti? Sitaki kumhukumu mtu nisiyemjua, ila mimi nisingeamini.

Kama madeni hayo ni ya mwendokasi, kuna shahidi. Tochi, zile kamera za trafiki za kupima mwendo, zinapiga picha, na picha ina pleti, spidi, tarehe na saa. Mpiga tochi anakaa nyuma huko, mara nyingi humwoni, picha inatumwa kwa simu kwa mwenzake aliyeko kilomita kadhaa mbele, huyo ndiye anayekusimamisha. Ndiyo maana siku hizi madereva kuwashiana taa kuonyana hakusaidii sana, ukiwashiwa umeshapigwa. Mwaka juzi nilisimamishwa baada ya kijiji kimoja njia ya Morogoro, nikakataa kabisa, nikasema nilikuwa 50. Nikaomba picha kwa heshima. Askari akafungua simu, akaikuza kwa vidole: Fuso yangu, turubai la bluu lenye kiraka cha njano kilichoshonwa na tingo wangu, msaidizi wangu wa gari, 67 imeandikwa pembeni. Nilinyamaza nikaomba kontrol namba. Tangu siku hiyo sibishani na trafiki kabla ya kuona picha, na nikiiona nikakuta si gari langu, nitabishana mpaka jioni. Kuonyeshwa picha ni haki yako, idai bila kupandisha sauti.

Wenye mabasi wanabanwa zaidi yetu, wana kifaa cha VTS cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kinachoonyesha basi liko wapi na linakimbia kiasi gani, hata pasipo na askari. Naunga mkono kabisa. Mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023, sisi tunaokutana nayo saa nane za usiku mlima Kitonga tulihitaji kujua kuna jicho linaloyaangalia.

Kwako wewe, fanya hivi. Soma kila deni: tarehe, saa, mahali, kosa. Mwambie muuzaji mwende wote kituo cha trafiki na orodha hiyo mkononi. Kama kweli ni makosa ya kuandika, yeye ndiye wa kulalamika, gari bado ni lake. Kama ni yake, alipe mbele yako, kisha ingiza namba upya uone imekuwa sifuri ndipo utoe hela. Karatasi za malipo zipige picha siku hiyo hiyo. Zile za mashine zikikaa kwenye dashibodi juani maandishi yanafutika, ndani ya mwezi unabaki na karatasi nyeupe. Na akikataa kwenda kituoni na wewe, Noah zipo nyingi, hiyo mwachie.