Weka tindo chini, Mkuu: hondohondo jike hajafungiwa, kajifungia mwenyewe

Mkuu mleta uzi, usipande kwenye huo mbuyu. Umeandika kwamba tundu limekandikwa udongo, kwenye upenyo kunachungulia mdomo mwekundu wa ndege, hondohondo jike, dume anakuja na kuondoka, na jirani kakwambia dume kamfungia mkewe kwa wivu. Kesho asubuhi unataka kwenda na ngazi na tindo "ukamwokoe". Nakusihi acha.

Hakuna aliyemfungia. Jike ndiye aliyeingia kwa miguu yake, akaziba mlango akiwa ndani, kwa udongo, mabaki ya chakula na kinyesi chake mwenyewe. Anaacha ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Dume anamlisha kupitia hapo: panzi, mende, mabuu, pengine mjusi mdogo. Jike naye uchafu wake anautupa nje kupitia ufa huo huo. Ule ukuta ni ulinzi dhidi ya nyoka, kenge na nguchiro. Na kwa mdomo huo mwekundu uliouona, hao ni hondohondo wadogo wa nyika ya Dodoma. Jamii nyingine wanaofanana nao huko, jike wao ana mdomo mweusi.

Sasa sikiliza yaliyotokea kwetu, maana hilo ndilo lililonifanya niandike.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na mgunga mkavu wenye tundu kama hilo. Akaja jamaa mmoja aliyekuwa akitembeza wageni, darubini shingoni, anaongea kwa uhakika wote. Akatazama juu, akasema udongo umekauka ukamnasa, jike atakufa kwa njaa, nibomoe haraka. Nikapanda. Udongo wenyewe mgumu kama tofali bichi lililokaa juani. Nikagonga mpaka ukadondoka kipande kwa kipande. Nikachungulia, sikuona kitu. Yule jamaa akapaza sauti kutoka chini: "Nilikwambia, kashakufa!" Nikaingiza mkono, nikagusa mayai. Meupe, yenye vijitundu vidogo vidogo kwenye ganda.

Jike alikuwa juu yangu. Shimo la mti huwa linapanda juu zaidi ya mlango, na hondohondo akisikia hatari hupanda kujificha humo. Ndiyo maana mtu akichungulia anadhani ni tupu. Nilipotoa mkono akashuka kwa kishindo, akajirusha nje kupitia mlango niliomfungulia, akaanguka chini kama alivyo.

Hakuweza kuruka, Mkuu. Hili ndilo jambo ambalo hakuna aliyeniambia na nataka ulikariri. Wakati wa kutaga, jike wa hawa hondohondo wadogo hupukutisha manyoya yote makubwa ya mabawa na ya mkia, karibu kwa mkupuo mmoja. Nilipomwona pale chini, mahali pa mabawa palikuwa na vichipukizi vya manyoya vilivyofungwa kwenye vifuko vyake, na mkia hakuna kabisa. Nikamkimbiza ili nimrudishe, nikazidi kumtisha, akajipenyeza kwenye miiba tusikofika.

Dume akarudi na panzi kwenye ncha ya mdomo. Akajishika kwenye ukingo wa tundu lililo wazi, akaingiza panzi, akasubiri, akamtoa tena. Akaenda, akarudi na yule yule panzi, anaita. Asubuhi yake chini ya miiba tukakuta manyoya ya kifuani tu. Nguchiro hakuacha kingine. Mayai yakapoa, hayakuanguliwa.

Yule jamaa alikuwa ameshaondoka na wageni wake. Nina hasira naye mpaka leo, na sioni haya kusema. Kama hujui, sema sijui. Ukimtuma mwenzio apande na tindo kwa neno la kubahatisha, roho iliyopotea iko mikononi mwako pia. Na hapo juu mchangiaji mmoja anarudia maneno yale yale, eti "dume akichelewa jike anakufa ndani". Ndugu yangu, huo udongo jike akitaka anaubomoa mwenyewe kwa mdomo. Ana nyundo yake.

Na ataubomoa, ukimwachia. Yai la kwanza hutagwa siku chache baada ya kuziba, na anaanza kuatamia hapo hapo bila kungoja mengine. Kila yai huchukua siku 24 hivi kuanguliwa, kwa hiyo makinda hayalingani: mmoja ana manyoya, mwingine bado uchi. Yule mkubwa akifika wiki 3 hivi, mama anakuwa ameota manyoya mapya, anavunja ukuta na kutoka kusaidiana na dume kuwinda. Ukihesabu yote, amekaa ndani karibu wiki 7. Wale hondohondo wakubwa wa misitu ya Usambara, ambao mtafiti wa ndege Moreau aliwachunguza alipokuwa kituo cha utafiti cha Amani huko huko Usambara, jike hukaa ndani mpaka kinda awe tayari kuruka, miezi mitatu na zaidi. Kwao dume ndiye anayemeza udongo na kuutema vidonge vidonge ili jike azibie.

Kwa hiyo shika hili moja: udongo wa hondohondo haubomolewi na mkono wa mtu. Hata ukiona dume hajaja tangu asubuhi. Hata ukichungulia ukaona giza.

Na kuna siku utashtuka tena. Utamwona mama nje, mzima, anaruka vizuri, halafu tundu limezibwa upya. Watu watakwambia kuna mwovu kawafungia watoto. Ni makinda wenyewe wanaoziba kutoka ndani, bila kufundishwa na mtu, na wazazi wote wawili watawalisha kupitia ufa kama kawaida. Kila kinda atatoka siku yake, akikaribia siku 45 tangu aanguliwe.

Ukitaka kuhakikisha jike yu hai, kaa mbali na shina, chini ya kivuli cha mti mwingine, utulie. Dume akikuona umesimama karibu atasita na chakula mdomoni, hatasogea. Akikuzoea kwa mbali utaona mdomo mwekundu unatokeza, unapokea, unarudi ndani. Tuletee picha ya hapo, upige ukiwa huko huko kivulini.