Mkeo hajakuzuia, amekuuliza maswali

*Shangazi, shikamoo.*

*Nina miaka 41, nimeoa na tuna watoto watatu. Nimekuwa mhasibu katika kampuni moja kwa miaka 14 na kazi imenichosha. Tangu ujana napenda useremala, sasa nataka kuacha kazi nifungue karakana ya samani. Tatizo ni mke wangu. Yeye ni muuguzi, ana ajira ya kudumu, kwa hiyo hatutakufa njaa. Lakini kila nikigusia jambo hili ananivunja moyo: ada italipwa na nani, akiba yetu utaigusa, umewahi kuuza hata kiti kimoja kwa mtu asiye ndugu yako? Mashine ya kuranda niliyonunua mwaka jana anaidharau, ameniambia nitoe boksi lake koridoni. Dada yangu na marafiki zangu wote wananiunga mkono. Mke wangu aliposikia kwa dada yangu kwamba nimeshaandika barua ya kuacha kazi, alininunia wiki nzima. Kazini nako hakukaliki tangu walipompandisha cheo kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe. Sasa ndiye bosi wangu na ananisahihisha mbele ya watu. (Ni kweli mke wangu aliwahi kuacha nafasi ya masomo ili mimi nimalize mitihani yangu ya uhasibu, lakini hayo ni ya zamani.) Je, nifuate ndoto yangu, au niendelee kuwa mtumwa kwa sababu ya mwanamke asiyeniamini?*

*Aliyechoka*

Marahaba, mwanangu.

Pole. Umfundishe mtu kazi, kisha akalie kiti ulichokuwa ukikingoja, tena akusahihishe mbele ya wenzako! Hilo linauma, na anayekuambia ni jambo dogo hajawahi kufikwa nalo. Pole yangu inaishia hapo. Barua yako imenipa mengi ya kusema, na si yote utakayoyapenda.

Wasomaji wajue kwamba nimeifupisha. Katika barua yenyewe, habari za huyo kijana ndizo zilizochukua nafasi kubwa kuliko zote: alivyoingia kampuni, alivyokuwa akikuuliza kila kitu, alivyobadilika sauti siku aliyopewa ofisi. Useremala ulipata mistari michache tu. Hukunitajia samani hata moja unayotaka kutengeneza, wala nani atainunua. Mtu anayependa mbao humnyamazishi. Atakueleza ipi hupinda ikikauka na ipi hupasuka ukiipiga msumari. Atakueleza kwamba mafundi hukadiria mbao ya unene wa inchi moja ikae karibu mwaka mzima ikikaushwa kwa hewa kabla ya kuigusa, na kwamba fundi mwenye pupa huuza meza nzuri leo, baada ya miezi mitatu mteja akairudisha mguu mmoja ukiwa hewani. Wewe umenieleza kuhusu bosi wako.

Halafu nikatazama mpangilio wa mambo. Useremala umekuwa moyoni mwako tangu ujana, na mwaka jana ukanunua mashine. Mashine ikakaa kwenye boksi. Kijana akapandishwa cheo. Barua ya kuacha kazi ikaandikwa. Wewe ni mhasibu, unajua kusoma tarehe kuliko mimi. Kilichokusukuma kuishika kalamu ni fedheha, na fedheha ni mshauri mbaya sana wa mtu mwenye watoto watatu. Sisemi hupendi useremala, huenda unaupenda kweli. Ninachosema ni kwamba hadi sasa huna namna ya kujua, kwa sababu hasira imekaa mbele yake.

Kuna kuchoka na kuchoka. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeueleza uchovu wa kazi kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa. Likataja dalili zake tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kuiona kazi yako kuwa haina maana, na kuhisi hufanyi chochote cha maana tena. Halikuuita ugonjwa, limeuweka kwenye mambo yanayohusu ajira. Jiulize basi. Zile hesabu zenyewe, kufunga vitabu mwisho wa mwezi, kutafuta kosa lililojificha kwenye safu ya tarakimu, zilikuchosha hata kabla ya kijana huyo kupandishwa? Kama jibu ni ndiyo, una sababu ya kufikiria kubadili fani. Kama jibu ni hapana, umechoka na ofisi moja na mtu mmoja, na ofisi zenye kuhitaji mhasibu wa miaka 14 ni nyingi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sasa nije kwa mkeo, ambaye umemleta kwangu kama mshtakiwa.

Nimeyasoma maneno yake uliyoyaandika ili nione anavyokuvunja moyo. Nimeona maswali matatu. Ada italipwa na nani? Akiba yetu utaigusa? Umewahi kumuuzia mtu asiye ndugu yako? Mwanangu, nenda benki yoyote ukaombe mkopo wa karakana, watakuuliza hayo hayo, na hutatoka pale ukisema benki haikuamini. Hakuna mahali ulipoandika kwamba amesema usiende. Amekuuliza, ukakosa majibu, ukaona uchungu, ukauita uchungu huo dharau. Katika jambo hili mkeo yuko sahihi, nami nasimama upande wake waziwazi.

Tazama na ulivyomtendea. Dada yako alijua. Marafiki zako walijua. Mwanamke unayelala naye kitanda kimoja, ambaye mshahara wake ndio ulioupangia kuilisha nyumba nzima, akasikia kwa wifi yake. Unasema hamtakufa njaa kwa kuwa yeye ana ajira ya kudumu. Je, ulimuuliza? Ulimuuliza kama mgongo wake unaweza kubeba ada, kodi, chakula na matibabu ya watu watano, huku akikesha wodini na wagonjwa? Umemgawia mzigo hajui umeugawa, kisha unashangaa amenuna wiki nzima. Mimi nashangaa ilikuwa wiki moja tu.

Na lile la mabano. Mwanangu, miaka mingi ya kusoma barua za watu imenifundisha kwamba mtu huficha jambo kubwa kwenye mabano. Mkeo alipata nafasi ya masomo akaiacha, ili wewe umalize mitihani ya uhasibu. Uhasibu huo huo unaotaka kuutupa sasa. Unasema ni ya zamani. Kwako ni ya zamani kwa sababu wewe ndiye uliyepokea. Yeye kila anapoona mwenzake waliyeanza naye kazi amepanda daraja, kwake ni ya leo asubuhi. Unapomwambia miaka hii 14 ulikuwa mtumwa, anasikia kwamba alichokitoa kilinunua utumwa. Hilo ndilo lililomkaa kooni, si boksi la koridoni. Na boksi lenyewe, ameudhika kwa sababu kila akipita anapigwa nalo muundi, na kwa sababu fedha zilizolinunua zimelala humo mwaka mzima bila kuranda ubao mmoja. Mngekuwa mmebadilishana nafasi, ungelivumilia?

Hapa nitoke kidogo kwako niseme na wanandoa wote wa siku hizi, maana barua za aina hii zimekuwa nyingi. Kila mtu anaandika "mwenzangu hanisapoti." Nikichimba nakuta kusapotiwa kunakotafutwa ni kupigiwa makofi. Mke aseme wazo zuri, mume aseme nenda mpenzi, asiulize mtu swali, na anayeuliza anaitwa adui wa ndoto. Marafiki hupiga makofi kwa urahisi kwa kuwa mambo yakiharibika wao hawalipi chochote. Mkeo na dada yako hawalingani hapa. Karakana ikifungwa baada ya miezi minane, dada yako atakupa pole kwenye simu, mkeo atatafuta zamu za ziada. Anayelipa gharama ana haki ya kuuliza bei. Nawaambia na wanawake pia, kwa sababu wapo wanaowaandikia waume zao taarifa ya biashara mpya kama tangazo la serikali: nimeshaamua, nakujulisha. Mkishaoana, mshahara wa mmoja ukiondoka umeondoka kwa wote. Basi na uamuzi uwe wa wote.

Narudi kwako, na sitaki unielewe vibaya ukadhani nakuambia uzeekee kwenye kiti hicho. Si kweli kwamba wanaothubutu kubadili hujuta. Mchumi Steven Levitt wa Chuo Kikuu cha Chicago aliwaalika watu waliokwama kwenye uamuzi mkubwa, ukiwamo wa kuacha kazi, warushe sarafu ya kwenye intaneti iwaamulie. Miezi sita baadaye, wale walioelekezwa na sarafu kubadili maisha kwa jumla walikuwa na furaha zaidi kuliko walioambiwa wabaki walipo. Lakini ona walikuwa watu gani: mizani yao ilikuwa imesimama katikati. Wameyapima ya huku na ya kule hadi yakalingana. Wewe bado hujapima. Kwenye sahani moja umeweka hasira, nyingine hujaweka kitu.

Utafiti mwingine unakuhusu zaidi. Mwaka 2014 Joseph Raffiee na Jie Feng walichapisha matokeo ya kuwafuatilia maelfu ya Wamarekani walioanzisha biashara zao. Walioanza huku wakiwa bado wameajiriwa, kisha wakahamia kwenye biashara kazi nzima, uwezekano wao wa kushindwa ulikuwa pungufu kwa asilimia 33 kuliko wa wale walioacha ajira na kurukia biashara moja kwa moja. Sababu haihitaji msomi kuieleza. Mwenye mshahara hujifunza polepole, hukosea kwa gharama ndogo, na akiona biashara haimtaki huiacha kabla haijammaliza. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Na usidhani anayebaki kazini hana moyo na anachokipenda. Shaaban Robert aliajiriwa karani wa forodha mwaka 1926, akabaki mtumishi wa serikali kwa miongo kadhaa. Nyingi kati ya tungo zilizomfanya tumtaje hadi leo alizitunga akiwa na ajira hiyo ya serikali. Hakungoja aache kazi ndipo ashike kalamu. Wewe randa iko nyumbani kwako, na jioni na mwisho wa wiki unavyo.

Kwa hiyo barua ya kuacha kazi usiipeleke. Iweke mahali mkeo anapoweza kuiona, maana mambo ya kuficha yatoshe. Leo mwombe radhi, na usimwombe kwa kununa kwake, mwombe kwa kumfanya asikie habari za nyumba yake kwa mtu mwingine. Useme pia lile la masomo kwa mdomo wako, bila yeye kulianzisha. Kama nafasi ya kusoma bado anaitaka, swali la nani aache nini sasa lianze upya, na zamu huenda ni yake. Unaweza kukuta kwamba kabla ya karakana yako kuna darasa lake. Likiwa hivyo, utasubiri, kama yeye alivyosubiri.

Kisha chukua likizo yako ya mwaka. Usiende kupumzika. Mtafute fundi anayekubali umtumikie bure, ukapige msasa, ubebe mbao, umsikilize mteja aliyelipa nusu akigoma kulipa nusu iliyobaki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukitoka huko na bado unaamka ukitamani kurudi tena, hilo litakuwa jambo la kumsimulia mkeo, naye ataliona usoni mwako kabla hujafungua kinywa. Ukirudi na mgongo unaouma na hamu imekwisha, utakuwa umeokoa akiba ya watoto kwa gharama ya likizo moja.

Baada ya hapo fanya unachokijua kuliko wote tunaokusoma hapa: hesabu. Miaka 14 umeandaa vitabu vya kampuni ya watu, karakana yako haina hata ukurasa. Nyumba inatumia kiasi gani kwa mwezi, kwa ukweli, si kwa makadirio ya mwanamume asiyejua bei ya sabuni. Akiba ipi ni ya karakana na ipi haiguswi hata mvua inyeshe mawe. Mkataba wako unasemaje kuhusu notisi, mafao yako yanakuwaje ukiacha mwenyewe, na bima ya afya ya watoto inakoma siku gani. Utengeneze na kuuza samani kwa watu wasiokujua, walipe bei kamili, na fedha hizo ziandikwe. Nyinyi wawili mkubaliane kiwango ambacho mauzo yakikifikia kwa miezi sita mfululizo, utaacha kazi kwa baraka zake. Mkubaliane pia lini utasema basi, imeshindikana. Akikubali na ukafika, halafu yeye akageuka, hapo niandikie, nami nitamkemea yeye kama nilivyokukemea wewe.

Kuhusu huyo kijana, omba kuhamishiwa idara nyingine au tafuta uhasibu mahali pengine wakati haya yakiendelea. Mfunge mlango mzungumze pia, umwambie akiwa na la kukusahihisha akuite pembeni. Wewe ndiye uliyemfundisha kazi, na hilo pia ni sehemu ya kazi.

Likizo ikiisha, niandikie. Safari hii mkeo aisome barua kwanza, na kama ana la kuongeza, aongeze kwa mkono wake.

Shangazi yako