Difu ya Range Rover kwenye Land Rover ya zamani

SWALI: Nina Land Rover Series III ya 1976, ile ndefu ya inchi 109, injini ya petroli lita 2.25. Difu ya nyuma (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) imeanza kuvuma. Fundi ameniletea difu ya Range Rover ya zamani, anasema zote ni zilezile na gari litaongeza mbio. Nifunge?
Msomaji, Arusha

JIBU: Usimlipe kwanza. Ingia chini ya gari uitazame ekseli ya nyuma. Ukiona kasha zito la chuma cha kuyeyusha, lenye mfuniko uliofungwa kwa boliti kumi upande wa nyuma, hiyo ni ekseli ya aina ya Salisbury, na Series III ndefu nyingi zinayo. Difu ya Range Rover haiingii humo kabisa. Ikiwa nyuma ya kasha hakuna boliti, na difu inachomolewa nzima kwa mbele, upande wa propela (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu), hiyo ni aina ya Rover. Usitegemee namba ya ekseli: inataja kasha, haisemi ndani kumefungwa nini baada ya miaka hamsini ya matengenezo.

Sasa pima uwiano wa gia za difu. Egesha pasipo mteremko, gia iwe huru, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na uweke stendi. Breki ya mkono ya gari hili hukamata propela, si magurudumu, kwa hiyo lazima uiachie ili propela izunguke. Ndiyo maana magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa magogo mbele na nyuma. Hata ukiifunga, gurudumu moja likiwa hewani gari linaweza kuondoka. Chora alama ya chaki kwenye propela, kisha zungusha gurudumu lililoinuliwa mara 20. Kwa kuwa gurudumu la pili limesimama, mizunguko 20 ya hili ni 10 tu ya difu. Propela ikizunguka mara 47, difu ni 4.7 (mizunguko ya propela kwa mmoja wa difu), ya asili ya Series. Ikizunguka 35 na kidogo, ni 3.54, ya Range Rover. Kwa difu iliyo mezani, hesabu meno: krauni (gia kubwa) 47 kwa pinyoni (gia ndogo inayoizungusha) 10 ni 4.7, au 46 kwa 13 ni 3.54.

Hatari kubwa ni kufunga 3.54 kwenye ekseli moja tu, ya mbele au ya nyuma. Barabarani ukiwa na gia ya magurudumu mawili hutahisi kasoro. Siku umekwama kwenye tope, ukibonyeza kitufe cha njano cha kuunga magurudumu manne, mbele na nyuma vitavutana mpaka kitu kikatike, mara nyingi shafti.

Ukibadilisha zote mbili, gari litakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko wa injini, takriban theluthi moja. Lakini injini ya 2.25 haina nguvu ya kubeba hilo likiwa na mzigo. Gia ya kwanza itakuwa nzito kuondokea mlimani, klachi italiwa, na ya nne hutaitumia ila tambarare. Saa ya mwendo nayo itadanganya: ikisoma 60, unakwenda karibu 80. Kwa gari la mizigo baki na 4.7. Ukitaka mwendo wa barabara kuu, tafuta ovadraivu (gia ya ziada ya mwendo) ya Fairey, ambayo unaweza kuitoa kazini unapopanda.

Kuhusu mvumo: angalia oili kabla ya kununua chochote. Ni oili ya gia ya EP90, lita 2.5 kwa Salisbury na 1.7 hivi kwa Rover, mpaka ichuruzike kwenye tundu la kujazia. Oili ikitoka na vipande vya chuma, ekseli inahitaji kazi. Salisbury hutaka kifaa maalumu cha kutanua kasha na vipimo vya shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi), hivyo ni nafuu kutafuta ekseli nzima ya 109 nyingine. Ikiwa ni Rover, nunua difu nzima ya 4.7. Kagua namba iliyochongwa kwenye pinyoni ilingane na ya krauni, maana meno yao yamesuguliwa pamoja. Na vifuniko vya beringi viwe vya kasha hilohilo, kwa sababu vilitobolewa pamoja nalo. Nafasi kati ya meno iwe milimita 0.20 hadi 0.25.