Wadogo zangu, msituletee skrini thelathini kwa mpigo

Imekuja tena. Kila kundi jipya la wanafunzi likiingia kwenye mradi wetu wa programu ya simu ya kuandikisha visima na mabomba, haupiti muda kabla mmoja wao hajafungua tiketi (ukurasa wa mradi wa kuandikia tatizo au pendekezo moja) yenye kichwa "Sura mpya ya programu". Ndani yake kuna skrini thelathini zilizochorwa kwa Penpot, chombo cha kuchorea sura za programu, rangi zinameremeta, picha za watu wanacheka meno yote nje. Hakuna hata mstari mmoja unaosema nani alishindwa kufanya nini. Wasanidi wanaweka alama za dole gumba, wanarudi kwenye msimbo wao, na tiketi inazeekea hapo hapo. Kisha aliyechora ananiandikia pembeni, akiniita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu: "Yaya, hawa watu hawawapendi wabunifu." Wanawapenda. Hawajui tu waanzie skrini ipi.

Basi naandika haya mara moja, niache kuyarudia kwa kila mtu. Tiketi ni nini, tawi ni nini, ombi la kuunganisha ni nini, hayo mmekuja mkiyajua.

1. Anza na mtu aliyekwama.

Programu yetu inatumiwa na mareko, yaani wahudumu wa afya wa kujitolea wa mitaani, kuandikisha visima na mabomba ya maji. Ilikuwa na skrini ya kuchagua zoni ya afya, yaani eneo ambalo huduma za afya zinasimamiwa pamoja. Kongo ina zoni za afya 519, na toleo la zamani lilizipanga zote kwenye orodha moja ndefu, kuanzia A. Tulikaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya na mama mmoja, reko wa Katuba, hapa Lubumbashi, tukamwomba aandikishe kisima cha mtaani kwake. Kidole gumba kikaanza kusukuma. Orodha ikaruka, akaipita K yote, akarudi, akapita tena. Mwisho akabonyeza, akatabasamu, akasema amemaliza. Alikuwa amechagua Katwa. Katwa iko Butembo, Kivu Kaskazini. Kwenye simu majina hayo mawili yanafuatana, na kidole kinafunika yote mawili.

Kisima cha Katuba kikahamia Butembo, na hakuna aliyeona.

Tiketi tuliyoandika siku hiyo ilikuwa na sentensi mbili na video fupi ya kidole kile. Mchoro ulikuwa wa Bic kwenye karatasi ya daftari: kwanza chagua jimbo, yako 26, halafu zoni za jimbo hilo tu, na programu ikumbuke ulichochagua mara ya mwisho. Msanidi aliichukua bila kubembelezwa na hakuuliza rangi. Aliuliza jambo moja tu: kwa nini orodha ya zoni za Lubumbashi ina nchi ya Kenya ndani yake, je, aifute? Tukamwomba kwa heshima zote asiifute, maana Kenya ni sehemu ya mji wetu pia, na wenyeji wake wangekuja kutudai.

2. Watu watano wanatosha kuanza.

Nielsen na Landauer, watafiti wa urahisi wa kutumia programu, walilionyesha hilo mwaka 1993: wachache wa kwanza wanakufichulia sehemu kubwa ya matatizo, wanaofuata wanarudia yale yale. Rekebisha, halafu tafuta wengine watano. Ila wasiwe wenzako wa kozi. Mwanafunzi wa informatiki anayeombwa ajaribu programu ya mabomba atakusifu, ataomba wifi, ataondoka.

Na ukishampa mtu kazi ya kufanya, funga mdomo. Najua inauma. Nimemwona kijana wetu mmoja akivumilia kwa shida, halafu mkono ukamtoroka wenyewe ukaenda kubonyeza kitufe kwenye simu ya mzee wa watu, na kwenye ripoti akaandika "mtumiaji amefaulu". Nani amefaulu hapo?

3. Uamuzi ukae kwenye tiketi.

Hapa naomba mnivumilie, maana hili lilitugharimu, na aliyekuwa mratibu ni mimi.

Tulikuwa na kikundi cha WhatsApp, kama kila mtu Lubumbashi. Sababu mnazijua: bando la WhatsApp ni la bei nafuu, ukurasa wa tiketi unakula mega, na jioni watu wote wako kule. Mchoro wa fomu ya kuripoti bomba lililoharibika ulikuwa umeshapita. Ulikuwa kwenye tiketi, umejadiliwa, umekubaliwa. Mtu mmoja wa kujitolea, anayeishi mbali na ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona uso, akaandika pale chini: naanza kuitengeneza.

Wakati huo huo sisi tulikuwa Ruashi, upande mwingine wa mji, tunajaribu mchoro ule ule na mareko. Tukagundua kitu ambacho kwenye meza ya ofisi usingekiwaza. Mareko hawajazi fomu wakiwa kwenye bomba. Pale wanaandika kwenye daftari, kwa sababu jua ni kali, watu wamewazunguka wanauliza maji yatarudi lini, na simu wanaitunzia chaji. Fomu wanajaza usiku nyumbani. Na fomu yetu ilikuwa inachukua GPS yenyewe pale unapoifungua. Maana yake kila bomba bovu la mtaa lilikuwa linaonekana liko sebuleni kwa reko.

Jioni ile kikundi kilichemka. Sauti juu ya sauti. Tukapindua mpangilio mzima: reko akifika kwenye bomba abonyeze kitufe kimoja tu cha kushika mahali, programu imwekee rasimu, na mengine ayamalizie nyumbani. Uamuzi mzuri, nausimamia hadi leo. Nikasema, nasikia bado sauti yangu mwenyewe: "Kesho nitaweka kwenye tiketi."

Kesho umeme ulikatwa. Kesho kutwa nilikuwa na kazi inayonilisha. Siku iliyofuata nilidhani nilishaweka. Hivyo ndivyo ilivyokwenda, wala hakuna sababu nyingine ya kiungwana ya kutaja.

Yule msanidi wa kujitolea akaleta ombi lake la kuunganisha, yaani msimbo wake tayari kuingizwa kwenye programu. Wadogo zangu, ilikuwa kazi. Fomu nzima kama ilivyochorwa, majaribio yote yanapita, maelezo yameandikwa, na picha za skrini amezipiga programu ikiwa kwa Kiswahili, lugha asiyoijua, ili tu atuonyeshe kwamba maneno marefu hayavunji vitufe. Nikakaa mbele ya kompyuta sijui niandike nini. Nikaandika: asante sana, lakini mpangilio ulishabadilika.

Akajibu kwa upole: ulibadilishwa wapi? Nipe kiungo nisome.

Kiungo cha nini? Niliingia kikundini kutafuta. Sauti haitafutiki. Ilibidi nizisikilize moja moja: huyu anaongea akiwa juu ya manseba, pikipiki ya abiria, upepo mtupu, huyu ana kwaya ya kanisa nyuma yake, mimi mwenyewe nacheka jambo ambalo halihusiani kabisa. Usiku ule niliunga-unga muhtasari nikaubandika. Akausoma, akaandika kwamba amekubali hoja na kwamba jambo la GPS ni la msingi. Akafunga ombi lake mwenyewe. Hakurudi tena. Hakugomba, hakumlaumu mtu, na mimi ningependa angegomba. Alikuwa mmoja wa wachache walioijua vizuri sehemu ile ya Android, na fomu mpya ilikaa muda mrefu bila mtu wa kuigusa, huku mabomba yakiendelea kuonekana sebuleni.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba jaribio letu la Ruashi lilikuwa sahihi. Ila lilikuwa sahihi ndani ya simu zetu tu.

Tangu hapo, jambo ambalo halijaandikwa kwenye tiketi halijaamuliwa, hata kama kikundi kizima kilipiga vigelegele. Kila kikao kina karani, na karani anaandika mistari mitatu kabla watu hawajaagana: tumeona nini, tumeamua nini, nani anafanya. Anayeogopa mega ajibu tiketi kwa barua pepe, inafika vile vile. Anayeogopa Kiingereza aandike Kifaransa, atapatikana wa kutafsiri. Kikundi kibaki kwa salamu, misiba, na kuulizana nani ana chaja.

4. Muogopeni kidogo mtumiaji wa zamani.

Blender, programu ya kuchora picha za 3D, ilikaa miaka na miaka watu wakichagua vitu kwa kitufe cha kulia cha panya, kinyume na karibu dunia nzima, na mabishano yake hayakuwa na mwisho. Toleo la 2.80, Julai 2019, likahamia kushoto, lakini likamwachia mkongwe nafasi ya kuchagua kulia kama alivyozoea. GIMP, programu ya kuhariri picha, kwenye toleo la 2.8 la mwaka 2012 ilitenganisha kuhifadhi na kusafirisha nje: ukitaka JPEG, hiyo sasa ni kusafirisha. Hoja ilikuwa na mantiki, na wakongwe walinuna kwa muda mrefu. Sisemi msibadilishe. Nasema kwenye tiketi muandike nani atapoteza mazoea yake na mmemwachia nini. Reko aliyefundisha wenzake njia ya zamani ni mwalimu wa bure. Ukimwaibisha mbele yao, utawafundisha wote upya wewe mwenyewe.

5. Pelekeni mchoro juani.

Yale maandishi membamba ya kijivu mnayoyapenda, saa sita mchana kwenye soko la Kenya hayapo. Simu imepunguzwa mwanga ili chaji ifike jioni, kioo kina ufa, na mama ameinua pembe ya kitenge kukinga jua huku akiuliza: "Maandishi yako wapi?" WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa zisomeke na watu wote, unataka tofauti ya mwangaza ya 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na kinachoyazunguka; kwetu hicho ni kiwango cha chini kabisa. Vitufe visipungue dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini), kama Android inavyoshauri.

6. Rangi hazipigiwi kura. Kila skrini ina mwenye neno la mwisho, jina lake liko kwenye tiketi, basi.

7. Mkibishana jambo lile lile mara ya pili, liandikeni liwe kanuni. GNOME, wanaotengeneza mazingira ya kompyuta za Linux, walifanyiwa majaribio na watu wa kampuni ya Sun mwaka 2001, na mwaka uliofuata wakawa na mwongozo wao wa usanifu. Wetu ni ukurasa mmoja. Usomeni kabla ya kuniuliza kitufe cha kufuta kinakaa upande gani.

8. Mkitaka namba ya kuwaonyesha wafadhili, tumieni SUS ya John Brooke, dodoso la kupima urahisi wa kutumia programu: maswali kumi, dakika chache, alama mpaka 100. Si asilimia, tafadhali, msiandike asilimia.

Na wewe mwenye skrini thelathini, usizifute. Nimezipitia zote. Ile ya saba, inayoonyesha rasimu ambazo hazijatumwa kabla mtandao haujarudi, inajibu tatizo ambalo mareko wawili wa Kampemba, hapa hapa mjini, walituonyesha, na tiketi yake imekaa bila mwenyewe. Ikate peke yake, ipeleke pale, ubandike na video yao. Jina lako uliandike kwenye tiketi. Usinitumie sauti.